Ushahidi wa Sindano

Kila Jumamosi wanaanza upya,
Namasaka na Ngatia, mbele ya kibanda changu Shauri Moyo,
mmoja na kikombe cha chai, mwingine na kiatu kinachosubiri gundi,
wanawafufua mabingwa wa uzito wa juu
na kuwaingiza ulingoni bila ruhusa ya makaburi.

Namasaka ni wa Rakwar, bingwa wa sabini na moja,
aliyepakia magunia stesheni ya reli mchana
na jioni akapakua watu Ukumbi wa Kaloleni.
"Mkono wake wa kulia," anasema, "haukupiga simile."
Ngatia ni wa Mukabwa, huyu wa juzi,
kilo mia na kumi na tano,
mwenye daktari wa chakula na daktari wa goti.
"Rakwar wako alikuwa na kilo ngapi? Tisini, na koti la mvua?
Leo huyo angemezwa kama tembe."

"Raundi kumi na tano!"
"Alipigana na nani?"
"Na wako je, kapigana na nani?"
Wanatoa umri hapa, wanaongeza uzito pale,
kama muuza nyama mwenye jiwe la mizani lililotobolewa.

Mimi nashona.
Baba alinirithisha cherehani, na glavu za ukumbi.
Nimezifumua zote, za kale na za leo.
Za kale zilijazwa nywele za farasi;
zikilowa jasho, nywele zilisogea kando,
kifundo kikabaki na ngozi tupu.
Ndiyo maana watu wa enzi ile walianguka mapema,
na mikono ya waliowaangusha ikavimba wiki nzima.
Za leo ni sponji, ukiziminya zinajirudi kama mkate mpya.
Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alipiga kwa nguvu zaidi
nitamuuliza kwanza: aliumia nani?

Hawaniulizi.

Jumamosi iliyopita alikuja mzee na shati la kijani,
vifungo viwili vimepotea. Akaketi juu ya debe,
mikono akaikalia, isionekane inavyotetemeka.
Akawasikiliza mpaka ubishi ukafika raundi ya tisa,
kisha akasema, taratibu, kama mtu anayetaja bei:
"Rakwar angepigwa."

Namasaka akageuka. "Na nani?"
"Na huyo mnene. Raundi ya nne, labda ya tano.
Goti lake la kushoto lilikuwa bovu,
gunia la sukari lilimwangukia pale stesheni.
Hakumwambia kocha. Akawa anazunguka upande mmoja tu,
na watu wakauita mtindo."
"Mzee, wewe wajua nini kuhusu ngumi?"
"Kidogo," akasema.

Lile goti nililijua.
Kiatu cha kulia kililetwa kwa baba mara tatu kwa mwaka,
soli imeliwa upande wa nje; cha kushoto kilikaa kama kipya.
Baba aliniambia: uzi hauna ulimi.
Nikafunga mdomo, miaka hamsini na kitu.

Nikamvalisha shati. Vifungo nilivifunga mimi, vyote saba,
kuanzia chini, kwa kuwa vidole vyake vilitafuta tundu
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
Nilipofika kooni akaninong'oneza:
"Lakini zile raundi tatu za kwanza, Nthenya.
Zile tatu..."
Hakumaliza. Akatabasamu tu, meno mawili.

Akashika njia kuelekea Barabara ya Jogoo,
kila shimo akilizunguka kwa upande ule ule.
Nyuma yangu Ngatia anashangilia, "Umesikia! Hata wazee wanajua!"
Na Namasaka, kwa uchungu, anamwaga chai iliyobaki:
"Yule? Yule hajamwona Rakwar hata siku moja."